Pindo Lisilo na Jina

Swali la kwanza nililoulizwa nchini Ayalandi sikulielewa. Ilikuwa Agosti 1984, nina miaka minane, nimesimama mlangoni mwa duka la kijiji cha Keel, katika kisiwa cha Achill, namsubiri Mama amalize kununua unga na tumbaku ya mjomba. Mzee mmoja asiye na meno ya mbele akainama, akanikagua nywele, akashuka hadi kwenye viatu, akapanda tena hadi usoni, kisha akauliza kwa Kiayalandi: "Cé leis thú?" Nikamjibu kwa Kiingereza cha darasa la pili kwamba sijambo, ahsante. Akaangua kicheko. Kabla sijajua nilichokosea, mkono wa Mamó ukatua begani mwangu kutoka nyuma, na sauti yake ikanijibia: "Ni wangu huyu." Mzee akavua kofia, na mambo yakaishia hapo.

Mamó ndivyo wajukuu wa upande ule wanavyomwita bibi. Njiani alinieleza kwamba mzee hakutaka kujua naitwa nani wala natoka wapi. Alitaka kujua mimi ni wa nani. Huulizwa hivyo mtoto yeyote anayeonekana barabarani bila mwenyewe, naye hujibu kwa kumtaja baba, babu, hata baba wa babu, mpaka muulizaji aridhike kwamba amepata pa kumweka. Nilielewa upesi. Kwetu Bura, katika nchi ya Wataita, ukipita na mbuzi mbele ya wazee waliokaa kivulini huulizwi jina. "We mtoto wa nani?" Ukijibu vizuri unakatiwa muwa.

Nimefundisha somo la dini ya Kikristo katika shule za sekondari za huku kwetu kwa miaka 24, na swali la mzee yule limenisumbua kuliko maswali yote ya mtihani wa taifa. Nimefika umri ambao sitaki tena kulijibu kwa adabu.

Mama alikuja Kenya mwaka 1972 akiwa muuguzi, kwa mkataba wa miaka miwili. Baba alikuwa mwalimu wa shule ya msingi aliyeletwa hospitali na malaria, akaendelea kuja hospitali hata baada ya malaria kupona. Padri aliyewafungisha ndoa alikuwa Mwayalandi wa shirika la Roho Mtakatifu, na askofu wa Mombasa wakati huo, Eugene Butler, alikuwa Mwayalandi wa shirika hilo hilo. Mama alizoea kusema kwamba alivuka bahari kuwakimbia mapadri wa kwao, akawakuta wamemtangulia na wameshajenga.

Achill tulikwenda mara nne tu, kila baada ya miaka miwili, kuanzia 1984 hadi 1990, kwa kuwa nauli ya familia nzima ilikuwa inatafutwa mwaka mzima na kuumiza mwaka wa pili. Tulipanda ndege Nairobi hadi London, tukavuka hadi Dublin, tukashika treni mpaka Westport ambako mjomba alitusubiri na gari linalonuka kondoo. Kisha daraja, kisha kisiwa. Agosti ya kule jua linazama kama saa tatu na nusu usiku, kwa hiyo sisi tulilazwa mchana kweupe na tukalalamika kila siku. Ndani mlinuka móin, udongo mweusi wa kinamasi wanaoukata vipande kama matofali, wakauanika na kuuchoma badala ya kuni. Mamó alioka mkate wa magadi na mtindi, akaukata akiwa ameukumbatia kifuani, kisu kikija upande wake, jambo lililomtia Baba hofu kubwa. Chai ilikuwa nyeusi kiasi kwamba maziwa yaliigeuza rangi ya tofali. Karibu na mlango palikuwa na kibakuli cha maji ya baraka, na ukutani picha ya Moyo Mtakatifu wa Yesu na taa nyekundu isiyozimwa. Picha hiyo hiyo, yenye vidole vile vile viwili vilivyonyooshwa, ilining'inia sebuleni kwa Nyanya kule Bura. Kwa muda mrefu niliamini kwamba yule ni ndugu fulani wa ukoo anayefahamika pande zote mbili.

Kondoo wa Achill hulishwa milimani pamoja, wa watu wote, bila uzio. Ili wasipotee kila mwenye kundi huwapaka rangi yake: mjomba alikuwa na buluu begani kushoto, jirani nyekundu mgongoni, mwingine kijani kiunoni. Nilipewa kopo na brashi mwaka 1986 nikajiona mtu mkubwa. Kondoo asiye na rangi, mjomba aliniambia, ni wa yeyote, na wa yeyote maana yake si wa mtu.

Wafu wao pia walijulikana ni wa nani. Jumapili moja Mamó alitupeleka makaburini Kildavnet, kusini ya kisiwa, ufukweni kabisa. Wamo wale waliozama Juni 1894, vijana waliokuwa safarini kwenda Scotland kuvuna viazi, mashua yao ikapinduka karibu na Westport wakafa 32. Reli ya kwenda Achill ilikuwa bado haijafunguliwa rasmi, na treni ya kwanza kuipita ikawa ile iliyowarudisha maiti. Wamo pia vijana 10 walioteketea usiku mmoja wa Septemba 1937 katika kibanda walimolazwa huko Kirkintilloch, Scotland, katika kazi ile ile ya viazi. Hao nao walirudi kwa treni, na mwaka huo huo reli ikafungwa. Watu wa kule husema palikuwa na utabiri wa kale kwamba gari la moto la kwanza na la mwisho yatabeba wafu. Mamó alikuwa na miaka 16 mwaka 1937 na alishawahi kucheza dansi na wawili kati ya wale kumi. Alisimama mbele ya jiwe akawaita mmoja mmoja kama mwalimu aitavyo rejista, akituliza sauti kidogo baada ya kila jina, kana kwamba anangoja mtu aseme yupo.

Sasa nifike penyewe.

Nyuma ya shamba la mjomba, ambalo halikuwa Keel bali kijiji kingine nisichokitaja, ukuta wa mawe unakata kona kuelekea baharini. Kwenye kona hiyo palikuwa na kipande cha ardhi kisichozidi uwanja wa netiboli. Hapakulimwa, hapakufyekwa. Mawe madogo yalichomoza majanini, mengine ya kijivu yamesimama kama meno ya mtoto, mengine meupe yanayong'aa kama chumvi ya mawe. Watoto tulikatazwa kucheza pale. Sababu tuliyopewa ilikuwa mashimo ya sungura.

Baba alikuja nasi mara moja, ile 1986. Siku ya pili alikwenda kutembeatembea na mjomba, nami nikiwafuata, akapiga hatua chache ndani ya ile kona, akasimama, akavua kofia. Akaniambia kwa Kiswahili, "Hapa pana watu." Kisha akamgeukia mjomba na kumuuliza kwa heshima zote: hawa ni wa nani? Mjomba aliutazama mlima Slievemore, akasema mvua itafika kabla ya chai. Ikanyesha kweli, lakini huko mvua kunyesha si hoja.

Baba alijuaje? Alikuwa Mtaita. Zamani za babu zake mtu alizikwa, na baada ya muda fuvu lake likafukuliwa na kuwekwa katika pango la ukoo, pamoja na ya waliotangulia. Mambo yakiharibika, mvua ikikataa au ugonjwa ukizidi, wazee walikwenda pale kuzungumza na wenyewe. Wamisionari walipofika, mwanzoni mwa miaka ya 1890 huko Bura, waliwaambia watu waache mambo hayo. Wengi wakaacha, ingawa yako mapango ambayo bado yana wenyewe hadi leo. Baba alikuwa Mkatoliki wa kupiga magoti, wa misa ya alfajiri, lakini aliwahi kupelekwa na babu yake kwenye pango akiwa mdogo, na tangu hapo miguu yake ilitambua ardhi yenye watu. Usiku ule chumbani nilimsikia akimwambia Mama kwamba waliotukataza kusalimia wafu wetu, inaelekea kwao nao kuna waliokatazwa.

Miaka miwili baadaye, nina kumi na miwili na akili za kuvunja amri, niliingia kwenye kona ile peke yangu na kuchukua jiwe moja jeupe, lile zuri kuliko yote, ukubwa wa yai la bata. Nililiweka dirishani karibu na kitanda. Mamó alipoleta chai asubuhi akaliona. Hakunigombeza. Rangi ilimtoka usoni, akakaa kitandani, akaniuliza: umelitoa wapi? Nikamwambia. Akauliza: wapi hasa? Sikujua.

Akavaa buti za mjomba. Tulikwenda pamoja, jiwe nimelibeba mimi mikononi kama mtu aliyebeba kikombe kilichojaa. Pale mahali hakuhangaika. Alitupa macho mara moja juu ya majani yale, kama mama mwenye watoto wengi anavyotazama mkeka usiku akajua nani hayupo, kisha akanielekeza: "Pale, kati ya lile refu na lile lililovunjika." Nikaliweka. Alilisukuma kidogo na kidole likae sawa. Halafu, akidhani sitazami, akasogea upande wa ukutani akagusa jiwe jingine kwa ncha ya buti, mguso mdogo tu, vile mtu anavyotikisa susu ambalo mtoto ndani yake ameshalala. Tukarudi kunywa chai iliyopoa.

Mara ya mwisho, 1990, Mama alimpelekea mama yake doti ya kanga kutoka Mombasa. Jina lake lilikuwa lile ambalo nusu ya wanawake wa pwani wanalo kabatini: Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Mama aliichagua kwa sababu yake mwenyewe. Alikuwa binti aliyeondoka akaolewa mbali, na hiyo ndiyo njia aliyopata ya kuomba radhi. Mamó alitaka kujua yale maandishi yanasema nini. Mama akamfasiria. Mamó aliikunja kanga mara mbili, mara nne, akaipapasa, akasema tu kwamba huko kwenu mna nguo zinazosema. Jioni ile, tukimenya viazi mimi na yeye, akaniuliza ghafla: "Kwenu, mtoto akifa kabla hajalia, humzika wapi?"

Nilimwambia ninachokijua, kwamba mdogo wake Baba alizaa mtoto mfu mwaka uliotangulia, akazikwa nyumbani, chini ya mwembe, na Nyanya humwagilia pale maji anapopita na ndoo. Mamó aliendelea kumenya. Maganda yake yalikuwa membamba kuliko ya mtu yeyote niliyemwona.

Alifariki Februari 1997. Mama alikwenda kuzika, akarudi Bura, akanikalisha barazani na kunisimulia alichosimuliwa na dada yake mkubwa. Januari 1953 Mamó alijifungua mtoto wa kiume. Mkunga alikuwa mwanamke mkweli. Mtoto angepumua hata mara moja, angembatiza yeye mwenyewe kwa maji ya kikombe, maana Kanisa linamruhusu mtu yeyote kufanya hivyo panapokuwa na hatari ya kifo. Lakini hakupumua, na mkunga hakutaka kusema uongo mbele ya Mungu. Mamó alimsamehe kila mtu katika jambo hilo, hata padri, isipokuwa mkunga. Ukweli wake ule ulimuuma kwa miaka 44.

Mtoto asiyebatizwa hakuruhusiwa kuzikwa katika ardhi iliyobarikiwa. Babu alitengeneza kisanduku kwa mbao za sanduku la chai, akasubiri giza liingie, akatoka na koleo na taa. Ndivyo ilivyokuwa desturi: baba mtu, au baba na jirani mmoja, usiku, bila padri na bila mama. Mahali penyewe huitwa cillín, na ziko nyingi sana Ayalandi, hasa magharibi. Babu aliporudi hakusema kitu. Mamó aliona suruali yake ina matope magotini, na hilo ndilo maziko pekee aliyoyapata ya mwanawe: matope magotini. Baadaye alimwomba Babu jambo moja tu, amwonyeshe mahali.

Limbo, mahali walikosemwa kwenda watoto wanaokufa bila ubatizo, ina chimbuko lake Afrika, jambo lililomfurahisha Baba mno nilipomwambia. Augustino, askofu wa Hippo, mzaliwa wa Thagaste katika nchi ambayo leo ni Aljeria, alibishana miaka mingi na mafundisho ya Pelagius, mtawa aliyetoka Uingereza. Pelagius na wafuasi wake walisema mtoto huzaliwa hana doa. Augustino akashikilia kwamba kila mtoto hurithi dhambi ya Adamu, na akifa bila maji ya ubatizo hauoni ufalme. Adhabu yake itakuwa nyepesi kuliko zote, lakini ni adhabu. Maaskofu waliokutana Carthago mwaka 418 waliwalaani Wapelagiani. Naye Jerome, aliyekuwa na ulimi wa pilipili, alimkejeli mpinzani wa kambi hiyo kuwa amelemewa na uji wa Waskoti, na Waskoti wa zama hizo ndio Waayalandi. Hebu fikiria. Mwafrika anawafungia mlango watoto wachanga, na anayewatetea anachekwa kwa kunywa uji wa Ayalandi. Miaka 1,500 baadaye Waayalandi wanakuja Afrika kutufundisha alichosema Mwafrika. Baba alicheka hadi akakohoa.

Wasomi wa Zama za Kati waliuona ukali huo hauvumiliki, wakaulainisha. Thomas wa Akwino alisema watoto hao hawateseki hata kidogo. Wana raha ya kimaumbile, ila hawamwoni Mungu, wala hawahuzuniki kwa walichokikosa. Mahali pao pakaitwa Limbo, kutokana na neno la Kilatini limbus, maana yake pindo la nguo.

Nilipolisoma hilo kwa mara ya kwanza, chuoni, nilifunga kitabu. Mtu wa pwani haelezwi pindo ni nini. Kanga ina pindo, ina mji, ina jina. Pindo lipo ili lizunguke mji. Pindo tupu halivaliki, halibebi mtoto, halifuniki maiti. Hawa waliambiwa wakae kwenye pindo milele, mji wasiuone, na jina hawakuandikiwa. Hata kwa ardhi ndivyo ilivyokuwa. Ukizitazama cillín utaona zilichaguliwa mipakani: penye ukuta kati ya kijiji na kijiji, ndani ya maboma ya kale yaliyoachwa, kando ya makanisa yaliyobomoka, wakati mwingine ufukweni kati ya maji kujaa na maji kupwa, mahali ambapo si nchi kavu wala si bahari.

Aprili 2007 Tume ya Kimataifa ya Teolojia huko Roma ilitoa waraka, kwa idhini ya Papa Benedikto wa XVI, ikisema kwamba kuna sababu nzito za kutumaini kuwa watoto wanaokufa bila ubatizo wanaokolewa. Redio zilitangaza kwamba Limbo imefutwa. Kesho yake mvulana mmoja wa kidato cha tatu akanyoosha mkono: "Mwalimu, na wale waliokuwa mle, wamehamishiwa wapi?" Darasa likacheka. Mimi sikucheka, kwa sababu ndilo swali lenyewe. Wakati wa chai mwenzangu anayefundisha dini ya Kiislamu aliniambia kwa upole kwamba wao hawana tabu hiyo: kila mtoto huzaliwa katika fitra, na akifa mdogo ni wa peponi. Nilimwonea wivu, nikamwambia hivyo.

Lakini kilichonikera katika waraka ule si kuchelewa kwake. Ni pale unapokumbusha, kwa usahihi kabisa, kwamba Limbo haikuwahi kuwa fundisho rasmi la imani. Yalikuwa maoni ya wanateolojia. Ni kweli. Mwanafunzi wangu akiandika hivyo kwenye mtihani nampa alama zote. Ila maoni hayo yalitosha kumtoa mwanamume nje usiku wa Januari na koleo. Yalitosha kumfanya mkunga awe mkweli. Kuna mambo ambayo hayajawahi kuandikwa popote kwa muhuri na bado yanaamua mtu alale wapi, na anayesema baadaye kwamba hayakuwa rasmi anajisafisha mikono kwa maji ambayo wengine walinyimwa.

Wala sikubaliani na wale, nami nina binamu wa namna hiyo, wanaosema wazee wetu wa Achill walikuwa mijitu iliyotishwa na mapadri ikatupa watoto wake. Hawakutupa. Mtu anayetupa hatafuti jiwe jeupe. Hatafuti magofu ya kanisa ili mtoto awe jirani na utakatifu angalau kwa hatua kumi, wala hapigi magoti matopeni. Walitii sheria kwa miguu na kuiasi kwa mikono. Kama kuna teolojia iliyofanyika usiku ule wa 1953, aliifanya Babu, na aliifanya kwa mbao za sanduku la chai.

Sisemi ubatizo ni bure. Wanangu watatu nimewabatiza wote, wa mwisho akiwa na siku kumi kwa sababu alikuwa na homa nami sikuweza kulala. Nimechelewa sana kuelewa kwamba katika ubatizo Kanisa linafanya kile Mamó alichofanya mlangoni mwa duka: linaweka mkono begani mwa mtoto asiyejua ameulizwa nini, na kumjibia, ni wangu huyu. Kosa ni kudhani Mungu hawezi kulisema neno hilo mpaka sisi tutangulie. Mamó hakumwomba mzee yule asubiri aone cheti changu. Basi nimwamini vipi Mungu mwenye haraka ndogo kuliko ya Mamó?

Serikali nayo ilikuwa na pindo lake. Nchini Ayalandi vizazi vya watu wote viliandikishwa tangu 1864, lakini mtoto aliyezaliwa mfu hakuwa na rejista hadi mwaka 1995. Huyu wa kwetu hakuzaliwa wala hakufa. Nilikuja kulifikiria hilo mwaka 2006 nilipokuwa nikimwandikisha binti yangu mkubwa uraia wa bibi yake. Mimi, kwa kuwa mama yangu alizaliwa kule, ni raia moja kwa moja. Binti yangu, kizazi cha pili nje, ni lazima aingizwe katika rejista ya waliozaliwa ugenini. Nilikusanya karatasi: cheti cha kuzaliwa cha Mama, cha ndoa yake, cha kuzaliwa changu, cha mtoto, vyote halisi. Bahasha nzima ikijibu swali moja la mzee asiye na meno. Mtoto aliyezaliwa umbali wa bara zima, asiyewahi kuona kondoo mwenye rangi, akapata cheti. Na mjomba wangu aliyelala mita mia mbili kutoka jiko la nyumbani hana hata kipande cha karatasi.

Cillín nyingi zimebarikiwa tangu miaka ya 1990. Ile ya kwetu ilifikiwa Agosti 2009. Mama aliomba twende, mimi na yeye. Baba magoti yalishamshinda. Padri alikuwa kijana, mpole, ameiva masikio kwa upepo. Jiwe jipya la kumbukumbu liliwekwa karibu na ukuta, maandishi yake machache, bila majina kwa kuwa hapakuwa na majina. Nilitazamia watu wasimame kwa mstari kama kwenye mazishi yoyote. Hawakufanya hivyo. Kila familia iliingia majanini ikaenda moja kwa moja mahali pake, bila kuelekezwa, bila kuulizana: watatu pale, wawili kule, mzee mmoja peke yake karibu na jiwe lililovunjika. Miaka yote ile hakuna aliyesema, na hapakuwa na mtu asiyejua pa kusimama.

Mama alisimama upande wa ukutani. Alikuwa amejifunga ile kanga kama mtandio ndani ya koti, aliyoirithi ikiwa haijawahi kuvaliwa, mikunjo yake minne imekuwa myeupe. Nilikwenda nikasimama naye. Maji ya baraka mengi yalipeperushwa na upepo, yakaangukia viatu vyetu.

Tulirudi kwa gari la mjomba, ambalo lilikuwa jingine lakini lilinuka vile vile. Alikuwa ameshazeeka. Alikaa nyuma ya usukani, akawasha injini, hakuondoka. Mvua ilikuwa inakuja kutoka Slievemore na hakusema lolote juu yake.

"Mzee wako aliniuliza kitu siku moja," aliniambia, akitazama mbele kwenye kioo. "Mwambie yule wa tatu kutoka ukutani ni wa kwetu."